Tumbo Kujaa Upepo

Mmepata kusikia, enyi wanafunzi, jinsi matumbo yanavyonguruma bwenini usiku baada ya mlo wa maharagwe. Wengine hucheka, na yule aliyesikiwa huona haya, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Lakini jambo hili ni la kila mtu, mfalme na mchukuzi, mwalimu na mwanafunzi. Mtu mzima mwenye afya njema hutoa upepo mara 10 hadi 20 kwa siku, ajapokuwa hasemi. Leo tutajifunza upepo huu watoka wapi, kwa nini huuma, na namna ya kuupunguza. Nitaanza kwa habari niliyoiona kwa macho yangu, maana kwa ajili ya upepo huu mtu asiye na kosa nusura apoteze kazi yake.

Nilipokuwa kijana katika ualimu nilifundisha katika shule moja ya bweni milimani Usambara. Mpishi wetu alikuwa amezeeka, akarudi kwao. Mahali pake akaja mzee mmoja mpole kutoka pwani, aliyepika miaka mingi Tanga. Juma lake la kwanza aliwapikia wanafunzi maharagwe mekundu. Aliyabandika alasiri, akayachochea moto kwa muda ule ule aliouzoea huko kwao, akapakua. Yalikuwa magumu kidogo ndani, lakini wavulana walikuwa wametoka shambani na njaa, tena kengele ya kusoma usiku ilikuwa karibu kulia. Wakayameza kama kuku amezavyo mahindi.

Usiku ule bweni halikulala. Matumbo yalivimba yakawa kama ngoma, na wachache wakatapika. Kulipokucha neno lilikuwa moja: "Mzee huyu katuloga." Wengine wakaapa kwamba hawatakula tena chakula cha mkono wake, na wazazi watatu wakaja kutaka aondolewe. Yule mzee aliketi mlangoni pa jiko, hakujitetea, alisema tu, "Nimepika kama nilivyopika siku zote."

Basi, kabla hatujamhukumu, na tutazame safari ya chakula.

Chakula kikiisha kutafunwa hushuka tumboni, kikachanganyika na maji makali. Toka hapo hupita katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima urefu wake ni meta 6 hivi, na humo ndimo mwili unamochota sehemu kubwa ya riziki yake. Yale yasiyoyeyuka husukumwa mpaka utumbo mpana, wenye urefu wa meta moja na nusu, na huko yawakuta wenyeji wakingoja. Wenyeji hao ni vijidudu vidogo mno, mamilioni juu ya mamilioni, wasioonekana kwa macho. Mabaki yetu ndiyo chakula chao.

Mmeona mama akiumua unga wa maandazi. Huutia hamira, akaufunika kwa kitambaa, akauacha mahali pa joto. Baada ya saa moja au mbili unga umepanda. Ukilipasua donge lile utaona vitundu vingi. Ni hewa. Hamira ni kiumbe hai; hula sukari iliyomo katika unga, ikatoa hewa ya ukaa. Togwa nalo likikaa hutoa povu kwa namna iyo hiyo. Vijidudu wa utumbo mpana hufanya kazi kama hiyo: hula, nao hutoa hewa ya ukaa na hidrojeni, na katika watu wengine hewa iitwayo methani. Tumbo letu ni joto siku zote, kwa hiyo kazi yao haikomi. Hewa hizo zote hazina harufu. Harufu yatoka katika sehemu ndogo sana yenye salfa, ndiyo maana aliyekula mayai, kabichi na vitunguu hujulikana upesi kuliko mwenziwe.

Sehemu nyingine ya upepo hatuifanyi ndani, bali twaimeza. Kila tonge hushuka na hewa kidogo. Alaye kwa pupa, azungumzaye na chakula kinywani, na anywaye soda yenye mapovu, hujaza tumbo lake hewa. Hewa hiyo kwa kawaida hurudi juu kwa mbweu. Wavulana wetu wa Usambara walikuwa wamemeza nyingi usiku ule, kwa ajili ya kengele.

Lakini kwa nini maharagwe kuliko wali? Katika maharagwe, kunde, mbaazi na njegere mna sukari za namna ya peke yake, ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mwili wa mwanadamu hauna maji ya kuziyeyusha. Zapita utumbo mwembamba zote kama zilivyo, zikafika kwa vijidudu kama wageni waliochukua zawadi, na huko karamu huanza. Maziwa nayo yana sukari yake, laktosi. Mtoto mchanga huzaliwa na uwezo wa kuiyeyusha, lakini kwa watu wengi uwezo huo hupungua kadiri wanavyokua, isipokuwa hasa katika watu wa jamii za wafugaji, ambao wengi wao hubaki nao. Asiye nao akinywa kikombe kikubwa cha maziwa matamu huvimba tumbo, pengine akaharisha. Huyo na ajaribu maziwa mgando, kwa kuwa vijidudu wa maziwa wamekwisha kula sehemu ya sukari ile ndani ya kibuyu, kabla haijafika tumboni.

Msidhani kwamba maharagwe ni chakula kibaya, wala vijidudu hao si adui. Maharagwe ni nyama ya mtu asiye na ng'ombe. Huujenga mwili, hutia damu nguvu, na makapi yake husaidia choo kitoke vyema. Anayeyaacha kwa kuogopa upepo anajipunja.

Sasa turudi kwa mpishi wetu. Mwalimu mwenzangu wa sayansi, mtu wa maneno machache, alichukua kipimajoto akaenda jikoni. Akakitia katika sufuria ya maji yanayochemka. Huko pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kipimajoto kilionyesha nyuzi 95 tu, na hakikupanda tena ijapokuwa kuni ziliongezwa. Kadiri tupandavyo mlima, uzito wa hewa inayoyagandamiza maji hupungua, na maji huchemka kabla hayajapata moto wote. Shule yetu ilikuwa kama meta 1,400 juu ya bahari. Kwa sababu hiyo maharagwe ya milimani yahitaji muda mrefu zaidi jikoni kuliko ya Tanga, na mpishi wetu hakuwa ameambiwa na mtu. Tena maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu iletayo kutapika baada ya saa chache. Moto wa kuchemka hasa huiharibu, moto mdogo wa kuvukiza hauiharibu. Hayo ndiyo yaliyokuwa "uchawi" wake.

Mwalimu yule aliwaita wavulana na wazazi wao jikoni, akawaonyesha kipimajoto. Mzazi mmoja alikitazama muda mrefu, kisha akamwendea mzee akampa mkono. Wale wawili waliondoka bila kusema neno. Sijui kama waliamini.

Tangu siku ile maharagwe yaliloweshwa usiku kucha. Asubuhi maji yale yalimwagwa, kwa kuwa sehemu ya zile sukari hutoka katika punje ikaingia katika maji. Ukiyapikia maji yale yale umezirudisha chunguni. Kisha yalitiwa maji mapya, yakachemshwa kwa nguvu, yakaachwa motoni mpaka punje ikibonyezwa kwa vidole viwili inapondeka hata kiini. Watu wengi hutia magadi ili yaive upesi. Ni kweli magadi hulainisha na kuokoa kuni, lakini yakizidi huharibu vitamini na ladha, basi kidogo chatosha. Mkuu wa shule naye aliisogeza mbele kengele ya usiku kwa robo saa. Nadhani robo saa ile ilifaa kama kulowesha.

Ikiwa tumbo limekwisha kujaa, usilale chali ukiugua. Inuka utembee polepole uwanjani. Mwendo husaidia utumbo kuusukuma upepo mbele. Kama huwezi kutembea, lala ubavu, ukunje magoti kuelekea kifuani. Kunywa maji ya moto kidogo kidogo. Chai ya tangawizi huamsha tumbo lililolegea, na majani ya nanaa hutuliza utumbo unaojikaza. Usiuzuie upepo kwa haya: nenda nje, uutoe, urudi. Wala usizuie choo, maana choo kilichokaa hufunga njia. Msinywe dawa kali za kuharisha kila tumbo linapojaa. Nimeona watoto waliodhoofika kwa dawa kuliko kwa ugonjwa.

Walakini kuna jambo nililojifunza kwa aibu, nami sitaki mlijifunze kwa njia hiyo. Baada ya habari ya kipimajoto, kila tumbo lililovimba shuleni lilikuwa kichekesho. "Ni maharagwe tu," tulisema. Miezi michache baadaye mvulana mdogo wa darasa la tano alilalamika tumbo. Tukacheka. Mimi mwenyewe nilimpa chai ya tangawizi nikamwambia atembee. Jioni alitapika, na matapishi yalikuwa ya kijani. Nikadhani tangawizi ilikuwa kali mno.

Yule mzee mpishi alikuja na bakuli la uji, akamtazama, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mtoto huyu tangu lini hajatoa upepo wala kwenda choo?" Nikamwuliza mtoto. Akajibu kwa sauti ndogo, "Tangu juzi." Mzee akaweka bakuli chini. "Basi usimpe kitu kinywani. Huu si upepo wa maharagwe. Upepo wa maharagwe hutoka."

Tulimchukua usiku ule ule kwa machela mpaka hospitali. Daktari alimpasua akakuta minyoo mirefu mingi imejisokota pamoja kama kamba, imeziba utumbo. Alituambia kwamba siku moja zaidi ingaliweza kumwua.

Kwa hiyo shikeni maneno ya mzee yule. Tumbo lililovimba, lenye maumivu makali, likawa gumu, nalo halitoi upepo wala choo, na mgonjwa anatapika, hilo lapelekwa hospitali mara moja. Vilevile damu katika choo, au homa pamoja na maumivu ya tumbo. Na mtoto ambaye tumbo lake ni kubwa kila siku, asubuhi na jioni, huku mikono na miguu yake ni myembamba, huyo hana upepo: huenda ana minyoo, au kichocho, au bandama iliyovimba kwa malaria, au amekosa chakula cha kujenga mwili. Na upepo wenye harufu mbaya mno, pamoja na kuharisha majuma mazima, mara nyingi watoka katika maji machafu ya kunywa, wala tangawizi haiuwezi.

Mvulana yule alikaa hospitali majuma matatu. Aliporudi alikuwa mwembamba, na daktari alikuwa ameagiza apewe vyakula laini kwanza. Mzee alimpikia uji kila asubuhi kwa mwezi mzima. Siku alipoweza kula maharagwe tena, alimketisha karibu na jiko, mbali na wenziwe, akamwekea bakuli dogo, naye akakaa kando yake kumwangalia atafune kila tonge.