Nywele Zinazopungua Mapema: Uteuzi wa Tiba kwa Vijana

Swali: Kijana wa miaka 23, mkazi wa Rusimbi, Kigoma, ambaye nywele zake zinarudi nyuma kwenye paji la uso, anauliza achague tiba ipi.

Jibu: Kabla ya dawa kununuliwa, chanzo hutambuliwa kwanza, kwa kuwa mabaka ya duara yenye magamba huashiria mapunye, yaani fangasi wa kichwani, ambao hutibiwa kwa vidonge, ilhali nywele zinazorudi nyuma pembeni mwa paji na kupungua utosini kwa kawaida ni upara wa kurithi, ambao husababishwa na dihidrotestosteroni, homoni inayodhoofisha vifuko vinavyootesha nywele. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi huo.

Kwa upara wa kurithi, dawa mbili zina ushahidi imara. Minoksidili ya kupaka huhitaji takriban miezi minne hadi sita ili ionyeshe matokeo, na wiki za mwanzo nywele huweza kudondoka zaidi, jambo linalowakatisha wengi tamaa bila sababu. Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997, huzuia kutengenezwa kwa homoni hiyo, lakini kwa wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa au huleta sonona, hivyo haifai kutumiwa bila daktari. Mjamzito naye asiguse kidonge hicho kikiwa kimevunjika. Mawese, ambayo Kigoma inajivunia kwa haki, si tiba ya upara; hulainisha nywele tu. Kwa kuwa faida ya dawa zote mbili hupotea zikiachwa, kijana apime gharama ya miaka, si ya chupa moja.