Bundi Mwenye Uso Mweupe, Mulinzi wa Ghala

Munavuna mahindi, munayaweka ghalani, munangoja kuyauza kwa watu wa migodi. Nyuma ya miezi miwili munafungua: magunzi tu, na mavi ya panya. Panya wa shamba anaweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja; mitego peke yake haitoshi. Lakini yuko ndege anayemuwinda usiku, nasi tunamupiga mawe, tukisema ni ndege wa walozi.

1. Kumutambua. Uso wake ni mweupe, umefanana na moyo. Macho ni meusi. Hana manyoya yaliyosimama kichwani kama masikio. Mgongo ni rangi ya dhahabu na majivu. Halii «hu-hu» kama bundi wengine. Analia kwa sauti kali, kama nguo inayopasuka. Akiruka hamusikii kitu, maana manyoya yake ni laini sana.

2. Kupima kazi yake. Musiamini maneno yetu tu. Chini ya pahali anapolala mchana mutaokota vidonge vyeusi, vikubwa kama kidole gumba. Si mavi. Bundi anameza panya muzima, kisha anatapika manyoya na mifupa. Mulowanishe kidonge katika maji, mukifungue kwa kijiti, muhesabu vichwa vya panya. Kisha munawe mikono kwa sabuni.

3. Kumwita karibu. Bundi huyu hajengi kiota. Anatafuta tundu lenye giza. Mutengeneze sanduku la mbao: urefu santimeta 60, upana 40, kimo 40, na mlango wa santimeta 15 kila upande. Mutoboe matundu madogo chini, maji yatoke. Mulitundike juu ya muti, kadiri ya meta 4, mbali na moshi. Jike anataga mayai 4 mpaka 7, anayalalia siku 30 hivi. Siku zile musipande kumutazama.

4. Kumulinda. Musitumie sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi mara moja. Bundi anamukamata, naye anakufa. Muwakataze watoto kumupiga kwa manati.

MASWALI
Uso wa bundi huyu uko namna gani?
Ndani ya kidonge muna nini?
Sababu gani sumu ya panya ni mbaya?

Mutu akisema bundi analeta kufa, mumuonyeshe vile vichwa: kufa kweli analeta, lakini kwa panya.