Oili Ikivuja Kwenye Sensa: Somo kwa Wenye Pikipiki za Stroki Mbili

Wakazi wanaonunua pikipiki kuukuu za serikali kwenye minada huzipenda sana Yamaha za aina ya DT. Ni pikipiki zilizowabeba maafisa wa nyanjani kwa miaka mingi, na kwenye njia ya matope hazisumbui. Lakini nyingi ni za stroki mbili, na mnunuzi aliyezoea boda boda ya kawaida anaweza kupoteza injini kwa sababu ya tone la oili analoliona kila asubuhi chini ya pikipiki na kulipuuza.

Boxer au TVS ya boda boda ni ya stroki nne. Oili yake hukaa chini ya injini na kuzunguka humo humo. Kwenye DT ya stroki mbili, oili hukaa kwenye tangi dogo la plastiki, hushuka kwa mpira mwembamba hadi kwenye pampu, huchanganyika na petroli na kuungua nayo. Tangi likikauka, pistoni hupata joto, hutanuka na kukwama ndani ya silinda. Injini imenoki. Anayeteremka mlima wakati huo anaweza kuona gurudumu la nyuma likikwama ghafla kabla hajashika klachi.

Kinachomwonya dereva ni sensa ya oili (si ile ya kuhesabu watu). Ndani yake mna boya dogo lenye sumaku. Oili ikipungua, boya hushuka, sumaku hufunga swichi na taa huwaka. Waya wake ukikatika, taa haitawaka hata tangi likiwa tupu. Kwa hiyo taa isiyowaka si ushahidi kwamba oili ipo.

Kabla ya kununua kipuri chochote, hakikisha kinachovuja ni sensa. Oili hutiririka kuelekea chini, kwa hiyo mahali palipolowa zaidi huenda si chanzo. Pangusa tangi, mipira na nyaya hadi zikauke kabisa, paka poda ya mtoto kote, kisha acha pikipiki ilale. Asubuhi, tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Ikiwa ni kuzunguka sensa, mpira wake umechoka. Ikiwa sensa ni kavu lakini soketi ya nyaya imejaa oili, basi oili inapenya ndani ya sensa na kusafiri chini ya ganda la waya. Hili huwachanganya hata mafundi wazoefu.

Toa oili kwenye chombo safi hadi ishuke chini ya tundu la sensa. Chomoa soketi, kisha zungusha sensa taratibu huku ukiivuta kwa kushika mwili wake, kamwe si kwa nyaya. Mpira uliokauka, kupasuka au kulala bapa ubadilishwe kwa mwingine wa kipimo hicho hicho unaostahimili oili. Wapo wanaokata kipande cha tyubu. Kitaziba kwa siku chache, kisha oili itakivimbisha na kukilainisha, na uvujaji utarudi.

Ikiwa oili inapitia kwenye nyaya, osha sehemu zinapotokea kwa dawa ya kusafishia breki, kwaruza kwa msasa, osha tena, acha ikauke, kisha ziba kwa epoksi ya kuchanganya. Ipe saa 24. Epoksi haishiki kwenye oili, na kazi nyingi za namna hii huharibika hapo kwenye kuosha. Usipake gundi kwenye tangi lenyewe, kwani plastiki yake haishiki gundi vizuri.

Kabla ya kuirudisha, unganisha sensa na soketi, washa swichi, kisha inua na kushusha boya kwa kidole. Likiwa chini taa iwake, likiwa juu izime. Fundi atakayependekeza kuitoa sensa kabisa na kuziba tundu kwa bolti hajakosea kuhusu uvujaji, ila mwenye pikipiki atalazimika kufungua kifuniko na kutazama oili kila asubuhi maisha yote ya pikipiki hiyo.

Ikiwa tangi lilikauka au mpira wa pampu ulitolewa, hewa imeingia. Jaza oili ya stroki mbili, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, na uikaze oili inapotoka bila mapovu. Kwa petroli ya kwanza, changanya mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani mililita 100 kwa lita tano, ili injini isikauke hewa iliyobaki inapotoka. Itatoa moshi mwingi kuliko kawaida hadi petroli hiyo iishe.

Weka alama ya kalamu kwenye tangi kuonyesha oili ilipofika, na uitazame tena baada ya pikipiki kulala siku mbili bila kuendeshwa.