Askari wa Risasi Juu ya Meza ya Chakula



Ku kazi unavaa kofia ngumu, viatu vya chuma na miwani. Ukiingia mahali pa mavumbi bila kifuniko cha pua, kapita anakurudisha. Lakini ku nyumba, wakati unashika kisu na tupa juu ya meza yenye watoto wanakulia, kapita ni nani? Leo tutajifunza jambo hilo kwa mufano wa muchezo mumoja wa Uingereza.

Muchezo gani?

Mu mwaka wa 1893, kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wadogo wa risasi wenye tumbo tupu, na bei ikashuka. Mu 1913, mwandikaji H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari hao. Mu 1983 ukatokea muchezo wa Warhammer, wenye majeshi ya majitu, mazimwi na watu wafupi wenye ndevu. Sanamu nyingi za sasa zina urefu wa karibu milimita 28.

Sanamu nzuri ni za bei kali. Kwa hiyo wachezaji wengi wanauza zile za bei ndogo na kuzigeuza. Wanakata kichwa ya moja na kukiweka ku ingine, wanageuza mukuki kuwa shoka, wanaongeza vazi kwa udongo wa gundi. Sanamu kumi zenye kufanana zinakuwa kumi zenye sura mbalimbali. Ni kazi ya akili na uvumilivu, na fundi yeyote anaweza kuipenda. Lakini iko na hatari ine.

1. Risasi

Risasi ni chuma chenye Wafaransa wanaita plomb. Kampuni ya Britain iliiacha mu 1966, lakini sanamu nyingi za chuma za miaka ya 1980 zilikuwa zingali na risasi, na zinapatikana hata leo kama vitu vya zamani. Namna gani kuitambua? Ni nzito, ni laini, na ukiikokota juu ya karatasi inaacha mustari wa kijivu. Ikifanya hivyo, uihesabu kuwa risasi.

Kuishika kidogo si hatari kubwa. Hatari ni mavumbi ya tupa. Mutoto anatambaa, anagusa meza, anatia kidole mu kinywa. Risasi inaingia mu damu na kuharibu ubongo wake wenye ungali unakomaa, na mutoto anachelewa ku masomo. Mwili wa mutoto unapokea risasi nyingi kupita mwili wa mukubwa. Mu inchi jirani ya Zambia, mugodi wa risasi na zinki wa Kabwe ulifungwa mu 1994, lakini mpaka leo watoto wa pale wanakutwa na risasi mu damu, kwa sababu ilibaki mu udongo.

Basi: loanisha tupa na sanamu. Panguza meza kwa kitambaa chenye maji, usipulize, usifagie. Usikule wala kuvuta tumbako wakati wa kazi. Nawa mikono kwa sabuni, badilisha shati mbele ya kubeba mutoto. Na usiyeyushe risasi hata siku moja ku mbabula wala mu chungu cha chakula.

2. Kisu

Kisu butu kinaomba nguvu, na nguvu inakifanya kiteleze. Tia wembe mupya. Funga sanamu mu etau ndogo, weka ubao chini, na kata kwa kuelekea mbali na vidole. Usikate kwa mara moja. Pitisha kisu mara nyingi, polepole.

3. Maji ya moto

Sanamu za plastiki laini mara nyingi zinafika zimepindika. Zitie mu maji ya moto sana, zitoe kwa koleo, zinyooshe, kisha zitie mu maji baridi, zitabaki vile. Chungu kikae mbali na watoto. Usitumie ndimi za moto: plastiki ya aina hii ikiungua inatoa moshi mukali wenye kuharibu mapafu.

4. Gundi na rangi

Gundi ya haraka inashika ngozi. Vidole vikishikamana, usivute. Lowesha mu maji ya vuguvugu na sabuni. Ikiingia mu jicho, osha kwa maji mengi na uende kwa munganga. Udongo wa gundi wa sehemu mbili unaweza kuwashisha ngozi. Vaa mifuko ya mikono. Rangi ya kupuliza inashika moto: uipulize inje, mbali na mbabula.

Jiulizeni pamoja ku nyumba:

Ni kazi gani tunafanya juu ya meza ya chakula?
Mavumbi yake yanaenda wapi?
Nani anatambaa pale chini?

Iwe unatengeneza sanamu, redio ao betri ya motokari, somo ni lile lile. Ku kazi, kapita anakuangalia. Ku nyumba, kapita ni wewe.