Ufundi Uliofichwa Hupotea

Katika somo la biashara tumefunzwa kwamba wenye kazi ya aina moja ni washindani. Jambo hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Katika makala hii nataka kueleza jinsi washindani wanavyoweza kupeana maarifa, na faida wanayopata, kwa mfano wa mji wetu wa Morogoro.

Nianze na habari ya nyumbani. Mjomba wangu ni fundi wa vyuma hapa mjini. Aligundua namna ya kurekebisha mashine ya kukamulia alizeti ili isikwame, lakini siri hiyo hakumwambia mtu. Hata vijana wake wa karakana, alipofikia hatua ile, aliwatuma dukani. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi. Wateja walikuja na mashine zao, na hapana aliyeweza kuwasaidia. Ufundi ule haukuibwa na mtu, ulipotea tu.

Ama njia nyingine ipo. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, kilianzisha mpango wa makongano bunifu. Miongoni mwa makongano ya kwanza lilikuwamo la mafundi wa vyuma wa Morogoro, na la wakulima wa mwani wa Zanzibar. Kongano ni mkusanyiko wa wenye kazi moja, au kazi zinazotegemeana, wanaoshirikiana na wataalamu wa chuo na maofisa wa serikali. Kila mmoja hubaki na karakana yake na wateja wake.

Faida zake ni tatu. Kwanza, kazi kubwa hugawanywa. Fundi mmoja hawezi kutengeneza mashine hamsini kwa muda mfupi, lakini mafundi kumi waweza: huyu akikata vyuma, yule akikereza, mwingine akichomelea. Pili, si lazima kila mtu anunue mashine ya ghali. Tatu, maarifa hupita pande zote mbili. Mtaalamu ajua vipimo na nguvu ya chuma. Fundi ajua mkulima analalamikia nini. Wawili hao wakikutana, ndipo kitu kipya huzaliwa.

Mfano ulio wazi ni wa Zanzibar. Huko kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kwa miaka mingi waliuza mwani mkavu tu, kwa bei ndogo. Katika kongano lao, pamoja na Dk. Flower Msuya, mtaalamu wa sayansi ya bahari, walijifunza kuusaga mwani na kuutengenezea sabuni. Tena, mwani wa thamani zaidi ulipokuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto, walijaribu kuupanda katika nyavu kwenye maji ya kina kirefu.

Msomaji atauliza: Je, nikimfundisha jirani, hataninyang'anya wateja? Swali hili ni la haki. Mjomba hakuwa mchoyo. Alikuwa na watoto watano wa kusomesha. Jibu langu ni kwamba si kila kitu hugawiwa. Wenye kazi wapatane mapema kipi ni cha wote na kipi ni cha mwenyewe, na aliyevumbua kitu kipya kabisa aweza kukiombea hataza BRELA. Lakini jirani naye ana analolijua, nawe utajifunza kwake. Tena mahali penye mafundi hodari wengi huvuta wateja kutoka mbali. Penye wengi pana mengi.

Sasa mjomba ameanza kuonyesha kazi kwa mkono wa kushoto, na vijana wake wamekwisha pata karibu nusu ya siri ile. Nusu nyingine bado wanaitafuta.

Basi, wenzangu wa kidato cha nne, tunaoficha madaftari chini ya godoro mtihani ukikaribia, tufikiri. Kufaulu kwa mwenzako hakukupunguzii alama hata moja. Mwenye kujua hesabu amfunze mwenzake, naye afunzwe kemia.