Kuleta Chombo Kipya Nyumbani

Wewe unaishi Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Bahari iko mbali nawe. Lakini maji ya mfereji wako yanaijua njia ya kwenda baharini. Mito ya Karanga na Weruweru hushuka na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo maji huitwa Mto Pangani. Mto huo hupita Korogwe, na mwisho huingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani. Wahenga walisema: Bahari iliko ndiko mito iendako.

Vijana wetu nao hushuka hivyo hivyo. Wengine wanafanya biashara Tanga na Pangani. Wakipata fedha, huenda wakataka kununua chombo cha uvuvi.

Tuseme wewe na wenzako wawili mnakaa Pangani. Mmechanga fedha, mkanunua mashua ya tanga mjini Tanga. Sasa mnataka kuileta nyumbani. Njia ni kilometa 50 hivi. Safari hii moja ina hatari kuliko nyingi zitakazofuata. Kwa nini? Kwa sababu ninyi hamkijui chombo, bahari hamjaizoea, na mna haraka ya kufika ili watu waone mali yenu. Somo hili litakueleza namna ya kufika salama.

1. Kikague chombo

Usitazame rangi tu. Chukua kisu, uchome mbao za chini taratibu. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeoza au umeliwa na wadudu wa baharini. Tazama pia mlingoti, usukani, kamba na tanga. Kamba iliyochakaa hukatika wakati upepo ni mkali, yaani wakati unapoihitaji zaidi.

Je, chombo kimekaa nchi kavu muda mrefu? Basi mbao zimekauka na kuachana. Wewe unalijua jambo hili. Pipa la mbao la mbege likikaa kavu huvuja. Ukilijaza maji, mbao hufura na nyufa huziba. Mashua ni vivyo hivyo. Nyufa zake huzibwa kwa pamba na mafuta. Kazi hiyo huitwa kukalafati, na ina mafundi wake. Baada ya kukalafati, kitieni chombo majini karibu na pwani kwa siku mbili au tatu. Hesabuni maji yanayoingia. Msisafiri mpaka mjue kinavuja kiasi gani.

2. Ujue upepo

Katika pwani yetu kuna pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Pangani iko kusini ya Tanga. Kwa hiyo kaskazi itawasukuma kwenda nyumbani. Kusi itawapiga usoni. Mabaharia hodari huweza kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, lakini safari huwa ndefu na ngumu. Mtu anayejifunza asianze na kazi hiyo. Mkinunua mashua mwezi wa Juni, ni afadhali kuilipia ulinzi Tanga kuliko kuipoteza njiani.

Kuna pia upepo wa kila siku. Kibosho mchana upepo hupanda mlima na kuleta mawingu. Usiku baridi hushuka kutoka juu. Pwani nako ni hivyo. Usiku nchi kavu hupoa, na upepo mwepesi huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Upepo huo huitwa umande. Mchana jua hupasha nchi, na upepo wa bahari huanza kuvuma kwa nguvu. Kwa sababu hiyo mabaharia wengi hutoka alfajiri.

3. Ujue maji kujaa na kupwa

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku saa ya maji kujaa husogea mbele. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa bamvua. Katika pwani ya Tanga tofauti huweza kupita meta 3. Hiyo ni zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba yako! Mahali palipokuwa na maji asubuhi, mchana huweza kuwa mchanga mtupu.

4. Nahodha ni mmoja

Tafuteni mzee wa pwani anayeijua njia, mumlipe. Msione kuwa ni hasara. Njia ya Umbwe ya kupanda Kilimanjaro huanzia kwetu Kibosho, nasi tunajua kwamba mgeni hapandi bila kiongozi. Kiongozi akisema "turudi", mgeni hurudi hata kama amelipa fedha nyingi. Baharini pia ninyi ni wageni, ingawa mashua ni yenu. Nahodha akisema "leo hatutoki", msitoke. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mtiini nahodha katika mambo haya:

(a) Kila mtu avae boya la kujiokoa tangu mwanzo. Lisiwekwe chini ya mizigo.

(b) Kamba ya kuongozea tanga, iitwayo demani, isifungwe fundo gumu. Upepo ukija kwa ghafla, ilegezwe mara moja. Tanga likishindwa kulegezwa, chombo huweza kupinduka.

(c) Chukueni maji ya kunywa, ndoo ya kutolea maji chomboni, nanga na makasia.

(d) Simu ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Mwambieni mtu wa Pangani saa mtakayotoka na saa mnayotazamia kufika. Akiona mmechelewa sana, aombe msaada.

(e) Chombo kikipinduka, msikiache. Mbao huelea. Kishikilieni. Ufuo huonekana karibu, lakini waogeleaji wengi huchoka kabla ya kuufikia.

5. Mlangoni mwa nyumbani

Mmefika. Mnaiona minazi ya Pangani. Mnawaona watu ufuoni. Hapa ndipo penye mtego. Mto wetu huleta mchanga, na mdomoni mwa mto kuna fungu. Maji yakipwa, fungu hilo huwa karibu sana na juu, na mawimbi huvunjika hapo. Basi, hata kama mnaona mnayo njaa na mmelowa, tieni nanga nje mahali nahodha atakapochagua, mngoje.

Ingieni wakati maji yanajaa. Mkikwama maji yakijaa, baada ya muda yatawanyanyua. Mkikwama maji yakipwa, mtabaki hapo huku mawimbi yakiipiga mashua, na mbao zinaweza kupasuka.

Msidhani kwamba karibu ni sawa na kufika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama katika Ziwa Victoria. Kilikuwa karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, lakini kilibeba wengi zaidi ya hao. Watu zaidi ya 200 walikufa. Hicho kilikuwa kivuko cha injini, si mashua ya tanga. Lakini fundisho ni lile lile: maji hayakuhurumii kwa kuwa umebakiza hatua chache. Kwa hiyo katika safari ya kwanza msipakie abiria wala mizigo ya biashara. Leteni chombo peke yake.

6. Baada ya kufika

Kaoneni afisa uvuvi, mwandikishe chombo na kupata leseni. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018, husimamia usalama wa vyombo vya majini. Waulizeni chombo chenu kinahitaji vifaa gani na kibebe watu wangapi.

Ndugu msomaji, huenda wewe hutaingia baharini hata siku moja. Lakini mwanao, au mdogo wako, akikupigia simu na kusema, "Mzee, tumenunua mashua, kesho tunaileta," sasa unajua la kumwuliza. Muulize upepo gani unavuma. Muulize nahodha ni nani. Muulize maji yatajaa saa ngapi. Akikosa jibu, mwambie angoje.

Maneno mapya

Bamvua: maji kujaa sana na kupwa sana.
Demani: kamba ya kuongozea tanga.
Kukalafati: kuziba nyufa za chombo.
Umande: upepo mwepesi wa alfajiri utokao nchi kavu.

Hesabu

Mashua inakwenda kilometa 8 kwa saa. Njia ni kilometa 50. Mmetoka Tanga saa 12 asubuhi. Mtafika saa ngapi mbele ya Pangani? Siku hiyo maji yatajaa kabisa saa 10 jioni. Je, mtangoja muda gani ili kuingia saa 9 alasiri? (Majibu: saa 6 na dakika 15 mchana, saa 2 na dakika 45.)

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mashua iliyokaa kavu huvuja?
2. Wenzako wanataka kuingia mtoni maji yakipwa kwa sababu jua linawachoma. Utawaambia nini?
3. Ni kazi gani hapa Kibosho ambayo watu huumia wakati wanakaribia kumaliza? Elezaneni darasani.