Nani Ana Ruhusa ya Kukukanda?



Katika kazi ya mgodi, vyombo vya kwanza ni mgongo, bega, goti na kifundo cha mguu. Mashine ikiharibika, tunapeleka bono depo na kungojea nyingine. Mgongo ukiharibika, hakuna depo ya kuomba mwingine. Kwa hiyo mtu akiumia, jamaa wanatafuta upesi mtu wa kumkanda. Kasongo watasema kuna mzee fulani mwenye mkono mzuri. Kabambare watasema kuna mama fulani. Penginepo atatokea kijana mwenye koti jeupe, akisema: "Mimi ni kine."

Nani kati ya hao ana ruhusa? Anaruhusiwa kufanya nini, na asifanye nini? Hilo ndilo somo letu la leo. Tulisome pamoja na watu wa nyumbani, kwa sababu mara nyingi si mgonjwa anayeamua apelekwe wapi, ni jamaa zake.

1. Kine ni nani?

Jina lake lote ni kinesiterapeti. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanamwita mfiziotherapia. Ni mtu aliyesoma kuponya mwili kwa njia ya mwendo na mazoezi. Anajua mifupa, misuli, viungo na mishipa ya fahamu. Anajua misuli gani imelala baada ya plasta, na ginsi ya kuiamsha bila kuvunja tena kilichoungana.

Watu wengi wanafikiri kine ni mkandaji tu. Sivyo. Kukanda ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kazi kubwa ni kupima na kufundisha: goti linakunjika mpaka wapi, mkono una nguvu gani, mtu aliyepooza upande mmoja atasimama namna gani, aliyekatwa mguu atatembea namna gani na magongo. Anasaidia mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda. Anasaidia pia mtu mwenye makohozi mengi kifuani kuyatoa.

Katika nchi yetu kazi hii inafundishwa katika shule za juu, kama Chuo Kikuu cha Kinshasa na ISTM ya Kinshasa. Ni masomo ya miaka, pamoja na mazoezi hospitalini. Mtu hawi kine kwa kuhudhuria semina ya siku 5, wala kwa kurithi chupa ya mafuta ya babu yake. Chama cha dunia cha watu wa kazi hii kilianzishwa tarehe 8 Septemba 1951, na ndiyo sababu kila tarehe 8 Septemba ni sikukuu yao.

2. Sheria inataka nini?

Kila nchi ina sheria zake, lakini ukizichunguza utaona zinasimama juu ya mawe 3: shule, ruhusa na mpaka. Shule ni diplomi inayotambuliwa. Ruhusa ni karatasi ya Serikali au ya baraza la kazi. Mpaka ni orodha ya mambo anayoweza kufanya na yale asiyoweza.

Tuangalie jirani. Kenya ilitoa sheria ya wafiziotherapia mwaka 2014 na kuunda baraza lao. Mwenye diplomi lazima aandikwe katika buku la baraza hilo, ndipo apewe ruhusa ya kufanya kazi. Uganda ina sheria ya mwaka 1996 inayoweka kazi hii pamoja na kazi nyingine zinazosaidia udaktari. Tanzania ilitoa sheria yake ya kuunganisha madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa kazi za afya mwaka 2017. Marekani kila jimbo lina sheria yake: ruhusa ya jimbo moja haitoshi kufanya kazi katika jimbo lingine. Huko majimbo yote 50 yanamruhusu mgonjwa kwenda kwa kine bila barua ya daktari, lakini majimbo mengi yameweka mipaka, kama idadi ya siku au aina ya matibabu.

Na kwetu? Tangu amri ya tarehe 19 Machi 1952, kazi ya kuponya watu si kazi ya kila mtu anayependa. Madaktari wana Baraza lao tangu mwaka 1968. Wauguzi walipata lao kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 ndiyo inayoweka misingi ya afya ya umma katika nchi nzima. Kine anayefanya kazi hospitalini anapaswa kuwa na diplomi na barua ya kazi. Anayetaka kufungua nyumba yake mwenyewe ya kutunza watu anapaswa kuwa na ruhusa ya wakubwa wa afya.

Ukiwa na mashaka, mahali pa kuuliza ni ofisi ya zone ya afya: Kasongo, Kabambare, Saramabila, au zone yenu nyingine. Mganga mkuu wa zone anapaswa kujua nani anafanya kazi ya afya katika eneo lake. Juu yake kuna Divisheni ya Afya ya jimbo huko Kindu. Kuuliza si kumtukana mtu. Hata shoferi anaombwa permi yake barabarani, naye anabeba mizigo tu. Huyu anashika mgongo wako.

3. Kazi yake, na isiyo kazi yake

Mambo ambayo kine anaweza kufanya:

– kupima mwendo wa viungo na nguvu ya misuli;
– kukupa mazoezi, na kuyabadilisha unavyoendelea;
– kukanda, kutumia joto au baridi;
– kukufundisha kutembea na magongo, kuinua mzigo na kulala vizuri;
– kuandika ripoti na kuirudisha kwa daktari.

Mambo ambayo si kazi yake:

– kuandika au kuuza dawa za hospitali, kama antibiotiki;
– kupasua;
– kuvuta mfupa uliovunjika leo kabla daktari hajauona;
– kutangaza kwamba mfanyakazi amepoteza asilimia fulani ya nguvu zake za kazi. Hilo ni neno la daktari.

Mtu akikuambia, "Mimi ni kine, nitakupiga sindano 6, nitakuuzia vidonge, na mfupa nitaurudisha hapahapa," ujue amevuka mpaka mara 3. Kine wa kweli huonekana kwa namna nyingine: anauliza maswali mengi kabla ya kukugusa. Tena haoni haya kusema, "Hii si kazi yangu, rudi kwa daktari."

4. Kosa langu mwenyewe

Mimi ni msaidizi wa daktari. Shule yangu ni ya ufundi wa dawa, si ya kine. Mimi pia nina mpaka, na siku moja niliuvuka.

Ilikuwa miaka yangu ya kwanza ya kazi. Kijana mmoja wa karyeri alikuja usiku. Alikuwa amekanyaga jiwe vibaya, kifundo cha mguu kikageuka na kuvimba. Aliniambia, "Dokta, unikande tu, kesho niko zamu." Mimi si daktari, lakini jina lile lilinipendeza. Nilikanda, nikavuta, nikafunga bande kwa nguvu, nikamwambia atembee kidogo kidogo mguu uzoee. Kapita wake alifurahi kumwona kazini asubuhi.

Baada ya wiki 3 uvimbe ulikuwa bado, naye akapelekwa kupigwa picha ya radio. Mfupa wa nje ulikuwa umevunjika, na ulikuwa umeanza kuungana vibaya. Leo anafanya kazi ya kuandika vifaa, kwa sababu ngazi za mgodi hawezi tena. Ananisalimia kila asubuhi bila kinyongo. Mimi naangalia mguu wake.

Ningalifanya nini? Kuna kanuni rahisi ambayo madaktari wa Ottawa, nchini Canada, walitoa mwaka 1992. Je, mtu aliweza kupiga hatua 4 mara baada ya kuumia, na anaweza sasa? Je, ukibonyeza mifupa ya kifundo kwa nyuma na kwenye ncha, nje na ndani, au mfupa wa katikati ya wayo upande wa nje au wa ndani, anaumia? Kama hatua 4 hazipigiki, au mfupa wenyewe unauma, apigwe picha kwanza. Hakuna kukanda. Maswali haya hayachukui dakika 2. Sikuyauliza.

5. Wakati mkono wa mtu unaweza kuua

Ndugu, wazee wetu wanaofunga mifupa si watu wabaya. Wengi wana uvumilivu na huruma. Lakini jicho lao halioni ndani ya nyama. Hatari kubwa ni kufunga mianzi na kamba kwa nguvu siku ya ajali. Mguu utavimba ndani ya kamba, damu itashindwa kupita. Nyama isiyopata damu huanza kufa baada ya masaa 6 hivi. Kisha vidole vinakuwa vyeusi, na kinachobaki ni kisu cha daktari. Hata plasta ya hospitali inaweza kubana hivyo hivyo.

Usikubali kukandwa na mtu yeyote, upelekwe hospitali upesi, ukiona:

– vidole baridi, vyenye ganzi au rangi ya bluu chini ya plasta au mianzi, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua;
– maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo na choo;
– mtu aliyeanguka kutoka juu au kuangukiwa na udongo, na shingo au mgongo unamuuma. Abebwe juu ya ubao, mwili umenyooka. Asikalishwe katikati ya watu 2 juu ya pikipiki;
– maumivu ya mgongo ya wiki nyingi pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, na dawa yake iko kwenye kituo cha afya;
– mguu mmoja umevimba nyuma, una joto na unauma, baada ya kulala siku nyingi. Ndani inaweza kuwa na damu iliyoganda. Ukiikanda, inaweza kukimbilia mapafuni na kuua.

6. Makaratasi yako

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamdai mwenye kazi kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wakiwa wagonjwa. Na ajali ya kazi, hata ile ya njiani kwenda au kutoka kazini, ni jambo la Kasha la usalama wa jamii, CNSS, lililochukua nafasi ya INSS. Lakini Kasha linasoma karatasi, halisomi makovu. Mwenye kwenda moja kwa moja kwa mkandaji wa mtaani hana karatasi ya kuonyesha kwamba jeraha lilitoka kazini. Miezi 6 baadaye mguu umekataa, naye hana ushahidi.

Basi utaratibu ni huu. Mwambie kapita siku ile ile, ajali iandikwe. Pita dispanseri. Daktari akuone, aandike. Yeye ndiye atatoa barua ya kine. Kine atarudisha ripoti yake. Weka nakala ya kila kitu nyumbani, mahali pakavu, mama ajue zilipo.

Vijana wetu wanaochimba wenyewe, kreseri, hawana kontra wala Kasha. Kwao sababu ya kupita kituo cha afya kwanza ni kubwa zaidi, maana mguu wao ndiyo mshahara na pensheni yao.

Tunajua kwetu watu wa kine ni wachache, na njia ni mbaya. Mgonjwa atamwona labda mara 2 au 3 tu. Kwa hiyo jamaa aende naye, aangalie mazoezi, ayajifunze, na nyumbani amsimamie kila siku. Zoezi lililofundishwa na mwenye shule, likifanywa nyumbani kwa uaminifu, linapita kukandwa mara 20 na asiyejua.

Kabla hujalala kitandani pake, uliza haya

1. Ulisoma wapi, na diplomi yako iko wapi?
2. Nani alikupa ruhusa ya kufanya kazi hapa?
3. Daktari ameniona kwanza? Picha iko wapi?
4. Utanifanyia nini, mara ngapi, kwa bei gani?
5. Nikizidi kuumwa, utanipeleka wapi?

Mwenye haki hatakasirika. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Maulizo ya kujipima nyumbani

a) Taja mawe 3 ambayo sheria za kazi hii zinasimamia.
b) Kwa nini ni hatari kufunga mguu kwa nguvu siku ya ajali?
c) Mwenzako amegeuza kifundo cha mguu na hawezi kupiga hatua 4. Utamkanda au utafanya nini?
d) Makaratasi ya baba yanawekwa wapi ndani ya nyumba yenu?

Kama ulizo la mwisho halina jibu, lipatieni jibu usiku huu kabla ya kulala.